Michigan Imputation Server ukiitumia kutoka Kampala: nyota nne

Kama una data ya vinasaba na huna kompyuta kubwa, jisajili leo kwenye hii huduma ya mtandaoni inayokisia sehemu za vinasaba ambazo kipimo chako hakikuzisoma. Ni bure. Barua pepe inatosha kufungua akaunti, kisha mitambo ya Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani inakufanyia kazi ambayo kompyuta ya maabara yetu hapa Mulago haiwezi kuimaliza. Mimi naitumia kwa data ya utafiti wa kisukari.

Chipu ya H3Africa, kifaa cha kupimia vinasaba kilichotengenezwa kwa ajili ya Waafrika, inasoma sehemu zipatazo milioni 2.3 tu, na jenomu ya mtu, yaani vinasaba vyake vyote, ina herufi kama bilioni 3. Seva inazilinganisha zile zilizosomwa na kanzi ya watu ambao jenomu zao zimesomwa nzima, halafu inakisia zilizorukwa. Programu ya Eagle inatenganisha nakala mbili za kila kromosomu, Minimac inajaza mapengo. Kila kromosomu hukatwa vipande vya herufi milioni 20 vinavyochakatwa kwa wakati mmoja kwenye mashine nyingi, ndiyo maana ukishapita foleni kazi inakwenda haraka sana. Na kabla ya kuanza seva inakagua faili zako. Zikiwa na kasoro nyingi inazikataa na kukuonyesha kasoro zilipo. Ukaguzi huo naupenda mno.

Sasa tuje kwenye kanzi, maana hapo ndipo matokeo ya Mwafrika yanapopona au kuharibika. Kanzi ya HRC ina watu zaidi ya 32,000, wengi wao wenye asili ya Ulaya. Kanzi ya 1000 Genomes ina watu 2,504, na majirani zetu wa karibu humo ni Waluhya wa Webuye, Kenya. Kundi kutoka Uganda halimo. Kwetu sisi vipande vya vinasaba vinavyorithiwa pamoja ni vifupi kuliko vya Wazungu, kwa hiyo kukisia ni kugumu zaidi na kanzi inahitaji Waafrika wengi. TOPMed, kanzi iliyo kwenye seva dada, ina Wamarekani Weusi wengi, ila asili yao kubwa ni Afrika Magharibi.

Usichague kwa ukubwa wa kanzi. Fungua faili la info linalokuja na matokeo, tazama safu ya EmpRsq, alama ya usahihi wa kukisia: hapo seva imeificha sehemu ambayo chipu iliisoma, ikaikisia, ikalinganisha na jibu la kweli. Kwa data yangu, kwenye tofauti za vinasaba za kawaida, zile walizo nazo watu wengi, HRC na TOPMed zilikaribiana. Kwenye tofauti adimu TOPMed iliiacha HRC mbali, na bado nyingi nilizitupa kwa kuwa na alama za chini.

Hili linaniuma kwa sababu nyumbani kazi imeshafanyika. Watu wa Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, walitoa damu; zaidi ya 6,000 wakapimwa kwa chipu na karibu 2,000 wakasomwa jenomu nzima, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Humo ndimo ilimoonekana kwamba kukatika kwa kipande cha vinasaba kunakoleta thalasemia ya alfa, ugonjwa wa damu wa kurithi, kunahusiana na kiwango cha HbA1c, kile kipimo tunachotegemea kumwambia mgonjwa kama sukari yake imedhibitiwa. Kanzi haiwezi kujaza kitu isichokuwa nacho. Siku nitakapoingia nikute kwenye orodha ya chaguo kanzi iliyojaa watu wa Maziwa Makuu, nyota ya tano nitaitoa bila kusita.

Kupakua ndiyo jasho. Matokeo yanakaa siku 7 yanafutwa, na nywila ya kuyafungua inakuja kwa barua pepe, usiipoteze. Kampuni moja ya intaneti ninayoilipia nyumbani ilinikatia katikati ya kromosomu ya 2, bando likaenda na faili halikufunguka. Siku hizi napakua chuoni usiku kwa RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti wa Uganda, kwa wget, programu ya kupakua, yenye -c ili iendelee ilipokatikia.

Na kabla ya kupakia chochote, jamani, soma fomu za ridhaa za washiriki na upate kibali cha kamati ya maadili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Ondoa majina, weka namba, na kama fomu haikuruhusu data kutoka nje ya Uganda, usiipakie.