Pasipoti ya Uingereza mtandaoni: huduma nzuri, kipimo cha picha kibovu

Kuhuisha pasipoti ya Uingereza kupitia tovuti ya serikali si kazi ngumu. Ukiwa na pasipoti ya zamani na kadi ya benki mkononi, fomu inakwenda vizuri, maswali yanaeleweka, na huhitaji wakala wa kukujazia. Wanaotoza watu pesa kwa kazi hiyo wanauza maji kando ya mto.

Tatizo liko mlango wa kwanza, kwenye picha. Ukishaipakia, programu inaikagua papo hapo na kukupa hukumu: nzuri, ya wastani, au duni. Kama ngozi yako ni nyeusi na midomo yako imejaa, usishangae kuambiwa kwamba mdomo wako unaonekana uko wazi. Umeufunga. Unapiga nyingine, umebana midomo mpaka uso umekuwa wa mtu aliyenuna, na jibu linarudi lilelile.

Si mawazo ya watu. Mwaka 2020 BBC walipitisha kwenye kipimo hicho picha zaidi ya 1,000 za wanasiasa kutoka nchi mbalimbali. Wanawake wenye ngozi nyeusi waliambiwa picha zao ni duni mara 22 katika kila 100. Wanawake wenye ngozi nyeupe, mara 14. Kwa wanaume ilikuwa 15 kwa 9. Na wenye huduma hawakushtukizwa na habari hizo. Nyaraka zilizotolewa mwaka 2019 kwa sheria ya haki ya kupata habari zilionyesha kuwa Wizara ya Mambo ya Ndani iliona kwenye majaribio yake kwamba watu weusi sana na weupe sana wanapata shida kutoa picha inayokubalika, ikaamua kuwa kwa ujumla mfumo unatosha, ukaanza kutumika. Neno “kwa ujumla” hapo limebeba mzigo mkubwa.

New Zealand nao walikuwa na yao mwaka 2016: kijana mwenye asili ya Asia aliambiwa na mashine ya pasipoti kwamba amefumba macho, ilhali yako wazi. Ni ugonjwa uleule. Daktari wa akili Chester Pierce wa Harvard alizipa dharau ndogondogo za namna hii jina la “microaggressions” tangu 1970, na alikuwa anazungumzia watu. Mashine haina nia mbaya, ndiyo, lakini sentensi yake inakufikia ileile aliyokuwa akiitoa mwenye kejeli shuleni: funga mdomo. Tofauti ni kwamba huyu ana nembo ya serikali.

Sasa kazi. Kosa kubwa ni kujaribu kurekebisha uso. Rekebisha mwanga.

Kamera ya simu hupima mwanga wa picha nzima kisha hutafuta wastani. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe pepepe, simu inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi unazama gizani. Mstari unaotenganisha midomo unapotea. Kinachobaki kung’aa ni mdomo wa chini, hasa ukiwa na rangi ya waridi au umepakwa mafuta. Programu hizi huweka alama kwenye kingo za midomo na kupima nafasi iliyopo kati yake. Kingo zisipoonekana, inakisia, na mng’ao wa mdomo wa chini unaweza kusomwa kama meno au uwazi.

Kwa hiyo chagua ukuta wa krimu au kijivu chepesi badala ya mweupe wa chokaa. Masharti yanataka mandhari ya rangi nyepesi isiyo na michoro, hayasemi lazima iwe nyeupe. Simama nusu mita mbele ya ukuta ili kivuli kisikufuate nyuma. Elekea dirisha mchana, siku ya mawingu ikiwezekana, mwanga ukupige usoni sawasawa pande zote mbili. Taa ya dari peke yake haifai kabisa, kwani hutia kivuli chini ya pua na chini ya mdomo wa chini. Flashi nayo huacha doa la mng’ao kwenye paji la uso.

Mpe mtu mwingine simu, atumie kamera ya nyuma, asimame kama mita moja na nusu kutoka kwako. Selfi huvimbisha pua na midomo kwa sababu lenzi iko karibu mno. Kabla hajapiga, aguse uso wako kwenye kioo cha simu, kisha asogeze juu kidogo alama ya jua inayotokea hapo, ile ya kuongeza mwanga, mpaka aone mstari wa midomo waziwazi. Hatua hii moja inasaidia kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Ukuta ukififia si neno, mradi kichwa kitofautike nao.

Futa mafuta usoni na midomoni kwa karatasi laini. Zima modi ya kutia ukungu nyuma na vichujio vyote, maana picha iliyochezewa haikubaliwi. Isiwe chini ya pikseli 600 kwa 750, na uzito wake uwe kati ya KB 50 na MB 10. Ukitumiwa kwa WhatsApp, itumwe kama faili. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora. Usiikate: tovuti inataka kichwa, mabega na sehemu ya juu ya mwili, itakata yenyewe. Mwenye afro aache nafasi ya kutosha juu ya nywele. Hakuna sharti linalokataza ukubwa wa nywele, zisifunike macho tu. Hijabu inaruhusiwa, isitie kivuli usoni. Kilemba cha urembo tu, kivue.

Mtoto mchanga ndiye rahisi kuliko wengi wanavyodhani: wa chini ya mwaka mmoja halazimiki hata kufumbua macho. Mlaze juu ya shuka nyepesi isiyo na maua, umpige kutoka juu. Ukimshika kichwa, mkono usionekane.

Umefanya yote na bado unaambiwa mdomo uko wazi? Usipige ya kumi. Tovuti inaruhusu kuendelea na picha hiyo na kuandika maelezo kwa nini unaona inafaa. Wengi hawajui, au wanaogopa kwamba kuipinga mashine ni kujitafutia balaa. Maneno mawili matatu yanatosha: mdomo umefungwa, ndivyo midomo yangu ilivyo. Usiombe radhi. Kabla ya kutuma, ikuze picha mwenyewe uhakikishe meno hayaonekani na uso hauna kivuli, kwa sababu picha yenye kasoro ya kweli inaweza kukataliwa baadaye na ombi likachelewa.

Kuna njia ya kwenda kwa mpiga picha au kibanda cha picha, ukapewa namba maalumu ya kuingiza kwenye fomu. Inasaidia, ila unalipa zaidi, na mpiga picha aliyezoea nyuso nyeupe atakuzamisha gizani vilevile. Omba kuiona kabla hujalipa. Kama mstari wa midomo hauonekani, apige tena.

Tukitoa alama: fomu, nne kati ya tano. Kipimo cha picha, moja, na hiyo ni kwa sababu ya kile kisanduku cha maelezo.