Mawese kwenye shati jeupe: nimejaribu javeli, maji ya oksijeni na sabuni ya kipande

Jambo yenu wandugu, karibuni tena uani kwetu hapa Goma. Mbele yangu kuna beseni tatu, bidoni moja ya maji na shati la shule la mtoto wangu, lile jeupe la kuvaliwa na buluu. Jana jioni tulikula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na sombe yetu haipikwi bila mawese. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hapa kifuani? Doa la rangi ya chungwa, upana wa kifuniko cha soda.

Wengi wetu tukiona hivi tunakimbilia javeli, ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Nami nilikuwa hivyo, mpaka siku niliponunua javeli sokoni, imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi wala maandishi. Nikaimwagia kikwembe, yaani kitenge, cha mama kilichodondokewa na mchuzi, tone moja tu. Hiki hapa. Palikuwa na ua la buluu, sasa peupe kama karatasi, na uzi wenyewe nikiuvuta hivi unakatika. Mama alikivaa siku ya harusi yangu. Iliniuma sana, na ndiyo sababu ya video hii.

Tuanze nayo basi. Javeli ni ya pamba nyeupe, tena ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi. Vikwembe hapana, sufu hapana, hariri hapana. Doa la kutu la waya wa kuanikia ndiyo kwanza italishikisha. Nunua chupa yenye maandishi na uiweke juu, kwa sababu mtoto mwenye kiu hajui kutofautisha chupa. Na hapa mama zangu, wadogo zangu, nisikilizeni vizuri: javeli haichanganywi na limao wala siki. Inatoa hewa ya klorini, hewa inayochoma mapafu. Nepi zenye mkojo pia zisuuzwe kwanza kwa maji matupu, maana mkojo ukikutana na javeli unatoa hewa mbaya. Sisi wa Goma tulizoea harufu ya kloro mwaka 2019, wakati wa Ebola, tukinawa kila mlangoni. Kloro ndiyo nguvu ya javeli, lakini maji yale yalitengenezwa kwa asilimia 0.05 tu ya kloro. Javeli iliyomo ndani ya chupa ni kali kuliko hiyo mara nyingi sana.

Bidhaa ya pili nimeinunua famasi: maji ya oksijeni, yaani haidrojeni peroksaidi. Someni hapa, volumu 10, yaani kama asilimia 3. Ya saluni, volumu 20 au 30, waachieni wa nywele. Chupa ni ya kahawia kwa sababu mwanga unayaharibu, kwa hiyo msiyahamishie kwenye chupa nyingine. Huu ni mfuko wa mto, mtoto alitokwa damu puani. Nimeshausuuza kwa maji baridi; ya moto yanaipika damu kama yai, ikishaganda kwenye uzi utahangaika. Sasa namwaga. Sikilizeni! Mnalisikia povu? Damu yenyewe ndiyo inayoyavunja yatoe oksijeni. Dakika tano, suuza, rudia. Kwa damu nayapa 9 juu ya 10. Moja nimeikata kwa sababu yanaweza kupausha nguo ya rangi: weka kwanza tone kwenye pindo la ndani, subiri, kisha bana kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kitambaani, acha.

Kwenye mawese? Yameteleza juu ya mafuta kama mvua kwenye jani la mgomba.

Sasa sabuni ya kipande. Shati likiwa kavu, kabla halijaguswa na maji, paka sabuni juu ya doa mpaka liwe jeupe kwa sabuni, kaa nalo robo saa, halafu maji ya uvuguvugu, na usugue kwa vidole. Angalieni: utelezi umekwisha, lakini rangi ya manjano imebaki. Hapa ndipo watu wanakata tamaa na kurudi kwenye javeli. Msirudi! Rangi ile ni karotini, ileile ya kwenye karoti, na jua linaivunja. Anika shati bichi, doa likitazama juu. Pasi ya makaa isiliguse kabla doa halijaisha. Na lile vumbi jeusi la mawe ya volkano yetu ya Nyiragongo likirukia nguo bichi, usilifute kwa mkono. Liache likauke, kisha likung'ute, kwa sababu lina chembe zinazokwaruza uzi.

Nilianika saa nne asubuhi. Sasa ni saa tisa, nalishusha. Nasogeza kamera. Kimebaki kivuli hapa, karibu na kifungo cha pili, na lazima uligeuze shati kwenye mwanga ndipo ukione. Kesho linarudi juani, Jumatatu analivaa.