The Flash namba 123: mgeni anayebisha hodi akiwa na siri ya mwenyeji

Barry Allen amesimama mlangoni kwa mtu ambaye hawajawahi kuonana, katika mji ambao hadi asubuhi ya siku hiyo aliamini kwamba haupo isipokuwa kwenye karatasi. Anwani ameipata kwa njia ya kawaida kabisa: amefungua kitabu cha namba za simu akatafuta jina la Jay Garrick, akalikuta limeandikwa kama la raia mwingine yeyote. Majirani wa Garrick wanamfahamu kuwa mkemia mstaarabu aliyeanza kuota mvi. Barry anamfahamu kuwa ndiye Flash, yule mkimbiaji aliyevaa kofia ya chuma yenye mabawa, kwa sababu utotoni alikuwa akimsoma katika majarida ya katuni.

Onyesho hilo ndilo roho ya toleo namba 123 la jarida la The Flash, lenye tarehe ya Septemba 1961. Liliandikwa na Gardner Fox, likachorwa na Carmine Infantino, likahaririwa na Julius Schwartz, na lilipotoka liliuzwa senti 10 za Marekani. Tangu hapo hadithi yake imechapishwa upya mara nyingi, nami nimeisoma katika moja ya machapisho hayo. Hadithi za watu wanaotupwa ndani ya ulimwengu wa katuni wakiwa wanazijua siri za mashujaa wake zimekuwa nyingi siku hizi, na nyingi zinaichukulia elimu hiyo kama silaha au mtaji. Hii ya 1961 inaichukulia kama adabu ya mgeni, na kwa maoni yangu hapo ndipo inapozizidi nyingi zilizoifuata.

Chanzo cha safari ni kidogo mno. Iris West, mchumba wa Barry, ameandaa tamasha la watoto yatima katika mji wa Central City. Barry, ambaye naye ni Flash wa dunia yake, anajitolea kuwaburudisha kwa mazingaombwe ya kamba, anapanda kamba huku akiutetemesha mwili wake kwa kasi ya ajabu, kisha anatoweka, na anajikuta nje, pembezoni mwa mji wa Keystone City. Maelezo yanayotolewa ni kwamba dunia mbili zaweza kukaa mahali pamoja bila kugongana mradi kila moja inatetemeka kwa kasi yake. Mwalimu wa fizikia atatabasamu, lakini hadithi haimkawizi msomaji hapo.

Inapokawia ni sebuleni kwa Jay. Fox alikuwa na tatizo gumu la uandishi: mgeni atamthibitishiaje mwenyeji kwamba hakumpeleleza? Anachofanya Barry ni kumsimulia Jay maisha yake mwenyewe, jinsi alivyokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyevuta mvuke katika maabara akapata mbio zake, na jinsi majarida ya vituko vyake yalivyokoma mwaka 1949, wakati uleule Jay alipostaafu. (Mvuke wenyewe, kwa mujibu wa hadithi, ni wa maji magumu; ni kioja kidogo kwa sisi tunaoyajua maji hayo kwa ukoko yanaoacha ndani ya birika.) Siri ya mtungi aijuaye kata, na huyu aliyeingia sasa hivi hajawahi kuwa kata ya mtungi huo, ila anajua kilichomo hadi chini. Hata hivyo hadai chochote. Hamwombi Jay fedha wala hamtishi. Anachotaka ni kumwambia mtu aliyempenda utotoni kwamba alimpenda, halafu anamfunulia jina lake mwenyewe. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado inanishangaza kwa utulivu wake, hasa nikikumbuka kwamba iliandikwa kwa ajili ya watoto wa Marekani waliokuwa wakitafuta ngumi.

Kisha linakuja wazo lililoifanya hadithi hii ikumbukwe. Barry anaeleza kwamba vituko vya Jay viliandikwa na mtu aitwaye Gardner Fox, aliyedai kwamba vilimjia ndotoni, na kwa hiyo lazima akili ya Fox ilikuwa ikinasa mawimbi ya dunia ya Jay alipokuwa amelala. Mwandishi amejiingiza mwenyewe katika hadithi, tena si kama muumba bali kama msikilizaji, kana kwamba mashujaa walikuwepo kabla yake. Ikumbukwe kwamba ni Fox huyohuyo aliyembuni Jay Garrick pamoja na mchoraji Harry Lampert, katika jarida la Flash Comics la Januari 1940.

Jambo moja ambalo hadithi inalipita bila kuligusa, nami naona ni hasara, ni tofauti ya nyumba hizi mbili. Jay amemwoa Joan, ambaye ameijua siri ya mumewe tangu hadithi za mwanzo kabisa. Barry, anayejigamba kwamba hakuna asilolijua kuhusu familia hii, bado anamficha Iris kwamba yeye ni Flash; katika majarida, Iris hakuambiwa hadi baada ya harusi yao ya mwaka 1966. Mtu anayemficha mchumba wake ameketi katika nyumba isiyo na siri kati ya mke na mume, na mwandishi hamruhusu hata kulitafakari jambo hilo kwa kisanduku kimoja cha picha. Joan naye amepewa nafasi ya kukaribisha mgeni, basi.

Nusu ya pili ni ya kawaida zaidi. Wahalifu watatu wa zamani, Fiddler, Shade na Thinker, wanaiba mjini. Jay anaamua kurudi kazini, na wale Flash wawili wanapigana bega kwa bega. Mgeni njoo mwenyeji apone: kuja kwa Barry kunamtoa mzee huyu kwenye kiti chake, na furaha yake ya kuvaa tena ile kofia inaonekana katika mistari ya Infantino bila kuhitaji maneno. Lakini wahalifu wenyewe ni wepesi, na Barry, ambaye amesoma mbinu zao zote utotoni, hafaidiki sana na usomaji wake. Wala haonyeshi hofu ya mtu aliyekwama mbali na kwao.

Kasoro kubwa iko mwishoni kabisa. Baada ya kurejea Central City, Barry anasema atamtafuta Gardner Fox ili amsimulie mkasa wote auandike jaridani. Kwa msomaji ni utani mtamu, kwani jarida lenyewe ameshalishika mkononi. Lakini hebu ufuate hadi mwisho wake: katika dunia ya Barry, Jay ni mtu wa kubuni tu na hatadhurika, ila Barry mwenyewe ni mtu halisi mwenye siri, na sasa anakwenda kuitia katika jarida la senti 10. Mgeni aliyeilinda siri ya mwenyeji wake kwa heshima kubwa namna ile anakuwa mzembe wa siri yake mwenyewe, na hakuna anayemwuliza.

Waliokuja baadaye waliligeuza wazo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1968, katika The Flash namba 179, mwandishi Cary Bates alimleta Flash katika dunia yetu hadi ofisini kwa Schwartz. Mwaka 1975, katika Justice League of America namba 123 na 124, Bates aliyeshirikiana na Elliot S! Maggin alijipeleka mwenyewe katika dunia ya mashujaa, akageuka mhalifu. Hizo zinachekesha zaidi, lakini hazina sebule ya Jay.

Kiingereza cha toleo hili ni chepesi, na kijana wa sekondari atalimaliza kwa nusu saa. Ningemshauri atangulize hadithi ya kwanza ya Barry, katika Showcase namba 4 ya Oktoba 1956. Humo, kabla radi haijampa mbio zake, Barry anaonekana akisoma jarida la zamani, na juu ya jalada lake yumo Jay Garrick na kofia yake ya mabawa.