Maji ya bomba ya jiji, Columbus, Ohio: nyota nne

Aisee hawa jamaa wa maji nawapa nne, maana maji ya huku yanapita kwenye mawe ya chokaa ni magumu balaa, sabuni haitoi povu, na wao wanayalainisha kiwandani tangu 1908! Kali zaidi chokaa wanaitoa kwa chokaa, yaani wanamwaga chokaa na magadi (ndiyo, kama ya Ziwa Magadi), pH (kipimo cha uasidi wa maji) inapanda, kalisiamu, yale madini yanayofanya maji kuwa magumu, inajitenga inazama chini tope, halafu wanapitisha kabonidayoksaidi kushusha pH ndo wanachuja. Nyota moja nimekata kwa sababu ugumu unabaki kama miligramu 120 kwa lita, gamba jeupe kwenye birika utaliona tu, ila ile mashine ya chumvi ya kulainishia maji nyumbani msinunue, hela ya bure.