“Mwambie shemeji aje”: uzoefu wangu na gereji iliyonibadilishia pampu ya mafuta

Hasira hizi nimekaa nazo muda mrefu nikijiambia zitapoa. Hazijapoa. Kila nikipita barabara ile na kuliona geti lao, moyo unanienda mbio, kwa hiyo naandika.

Jina lao silitaji. Wako Dar, ni gereji kubwa, ina vigae chini na sehemu ya wateja kusubiri yenye feni na maji ya kunywa. Nilipoona vile nikaamini nimefika kwa watu wanaojua kazi.

Gari langu ni Toyota IST, na nalipenda, limenitumikia miaka bila kunisumbua. Kipindi fulani cha masika likaanza tabia. Kwenye tambarare linakwenda vizuri tu, lakini likifika pa kupanda, kwa mfano lile daraja la juu la Mfugale pale Tazara, nikikanyaga mafuta linajivuta kama limebeba mawe. Mara mbili likazima kabisa kwenye foleni. Nikikaa kama dakika kumi linawaka tena, kimya, kama vile halijawahi kuumwa.

Gereji wakaanza na plagi. Zote nne mpya. Tatizo likabaki. Wakasafisha sijui nini na nini kwenye njia ya hewa, nikalipa, tatizo likabaki. Mara ya tatu wakaniambia ni pampu ya mafuta, laki moja na themanini, ufundi elfu hamsini juu yake.

Nikauliza swali moja: “Mmeipima?”

Yule msimamizi alikuwa anachezea simu. Hata macho hakuinua. Akasema, “Dada, haya mambo mwambie shemeji aje tuongee.”

Vijana waliokuwa wanafungua tairi pembeni wakacheka.

Kadi ya gari ina jina langu. Mkopo wa gari nimeulipa mimi, mwezi kwa mwezi, hadi ukaisha. Bima nalipa mimi. Nilitaka kumwambia yote hayo pale pale, maneno yakanikwama kooni, na kinachoniuma hadi leo ni kwamba nikatoa pesa. Nilitoa laki mbili na thelathini kwa mtu aliyekataa kunijibu swali la maneno mawili.

Wakainua kiti cha nyuma, wakafungua kifuniko cha tanki, harufu ya petroli ikajaa banda zima, na kijana mmoja akaja kusimama mlangoni pa gari na sigara inawaka mkononi. Tanki liko wazi! Sisi ni nchi iliyozika watu zaidi ya 100 baada ya lile lori la mafuta kupinduka na kulipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019. Nikapiga kelele atoke. Akatoka taratibu huku ananiangalia kama mimi ndiye niliyekosea. Betri ilikuwa haijachomolewa hata waya mmoja.

Siku za mwanzo gari likawa afadhali. Nasema afadhali, si zima, ila nilitaka sana kuamini. Wiki chache baadaye nikampakia mama yangu tukaanza safari ya Iringa.

Hadi Mikumi hakuna shida. Ruaha Mbuyuni tukasimama mama akanunua vitunguu. Baada ya hapo ni Mlima Kitonga. Aliyewahi kupita Kitonga anajua: mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, kona juu ya kona, na malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilikuwa nyuma ya lori la kontena. Gari likaanza kukohoa. Nakanyaga, halijibu. Nikashusha gia, likakohoa tena mara mbili tatu, likazima. Nyuma yangu kuna basi linapiga honi.

Nililisogeza pembeni kwa breki tu, likirudi nyuma kidogo kidogo. Utingo wa lori akaruka chini, akaweka mawe nyuma ya matairi, akakata matawi akayapanga barabarani. Mama alikuwa anasali kwa sauti. Ana miaka sabini na kitu, presha inamsumbua, na ameketi kwenye kona ya Kitonga kwenye gari lisilowaka. Kila nikiikumbuka ile sauti yake narudi kwa yule mtu na simu yake. Mwambie shemeji aje.

Baada ya kupoa likawaka. Tukapanda kwa kubembelezana nalo hadi Ilula.

Sasa hapa ndipo nataka msome taratibu, maana mnaojaza mafuta kila siku na hamjui pampu ilipo, haya yatawahusu.

Fundi wa Ilula ni kijana. Gereji yake ni mti na turubai. Alimwamkia mama kwanza, “Shikamoo mama, poleni na safari,” akampa stuli kivulini, ndipo akanigeukia. Swali lake la kwanza: “Dada, lilipozima lilikata ghafla kama taa, au lilikohoa kwanza?” Nikamwambia lilikohoa. Akasema mara nyingi la kukata ghafla anaanza kulitafuta kwenye umeme wa injini, sensa, fyuzi. La kukohoa na kuishiwa nguvu mlimani anaanza kwenye mafuta, kwa sababu mlimani ndipo injini inapohitaji petroli nyingi. Dar nililipeleka mara tatu na hakuna aliyeniuliza hivyo.

Akaniambia niwashe, yeye ameweka sikio kwenye mdomo wa tanki. Pampu ikasikika, ule mlio mwembamba wa kuvuma, ila akasema unavuma kichovu. Akachomoa fyuzi akaitazama, nzima. Akabadilisha rilei, ile swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye pampu, akaweka nyingine ya aina hiyo hiyo, hakuna tofauti. Kisha akatoa mita.

Nilichojifunza pale sijawahi kukisikia kwa fundi mwingine. Alichomoa soketi ya pampu akapima umeme unaofika: volti 12 na ushee, safi kabisa. Akanionyesha, akasema, “Hapa ndipo mafundi wengi wanapodanganyika.” Akairudisha soketi, akachoma ncha za mita kwa nyuma yake, akasema niwashe injini. Betri inasoma 14. Kwenye pampu inasoma 9. Umeme ulionekana upo kwa kuwa hakuna aliyekuwa anautumia. Pampu ilipoanza kuuvuta, ukapotelea njiani. “Pampu yako ina njaa,” akasema. “Haijafa. Ina njaa ya umeme.”

Akaichomoa soketi tena, akaigeuza upande wa pini. Plastiki imeiva hadi kuwa ya kahawia, pini moja nyeusi, imelegea. Kumbe ndiyo sababu likipoa linawaka: pini inapata joto, umeme unapungua, pampu inazunguka polepole, presha inashuka, injini inakosa mafuta, ukisubiri inapoa, mchezo unaanza upya. Nikamuuliza kama pampu mpya ndiyo imeiunguza. Akasema kuungua kule si kwa wiki chache, ni kwa zamani. Maana yake aliyenifungia pampu mpya aliishika soketi ile kwa vidole vyake, ikiwa imeungua hivyo hivyo, akaibana, akafunga kifuniko, akaja kuchukua laki mbili na thelathini.

Na si hilo tu. Kabla ya kufungua tanki, huyu wa Ilula alichomoa rilei ya pampu akaacha injini izime yenyewe ili presha iishe kwenye mabomba, akachomoa waya wa hasi wa betri, akawafukuza waliosimama karibu. Chini ya turubai, bila vigae, bila feni! Alipoitoa pampu, ilikuwa mpya kweli, lakini lile chujio dogo la chini, lile lenye umbo la soksi, lilikuwa la zamani, limeziba kwa tope jeusi. Walihamisha soksi chafu wakaivalisha pampu mpya. Hata kuiosha hawakuiosha.

Lazima niseme na upande wangu, maana sitaki kuonea mtu. Fundi aliniuliza, “Huwa unajaza kiasi gani?” Nikanyamaza. Kwa miaka nimekuwa mtu wa mafuta ya elfu kumi, elfu kumi na tano, taa ya mafuta inawaka nami natembea nayo siku mbili. Akanieleza kwamba pampu imelala ndani ya petroli, na petroli hiyo ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Tanki likikaa karibu tupu kila siku, pampu inafanya kazi kwenye joto na inazeeka mapema. Na chujio la mafuta mtu huwa halikagui, kwa sababu magari mengi ya aina hii chujio liko humo humo tankini na pampu, halionekani, kwa hiyo linasahaulika hadi siku ya Kitonga. Sasa hivi mshale wangu ukifika robo naingia sheli. Pesa ni ile ile, ni kuitoa mapema tu. Petroli ya kwenye madumu siigusi tena, na nikikuta lori linashusha mafuta sheli napita, kwa sababu fundi alisema takataka za chini zinakuwa zimevurugwa. Nilimuuliza pia kuhusu uchakachuaji, ule wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye mafuta ya magari, maana wakati ule wa kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka 2011 tulikuwa tukiambiwa ndio unaoua magari yote. Akasema tope lile ni uchafu wa miaka, tusitafute mchawi.

Kwa hiyo labda pampu ya kwanza ilichoka kweli, kwa makosa yangu. Labda. Inawezekana gereji walibahatisha wakapata nusu. Nilipokuwa Ilula nilifika mahali nikasema basi, wamekosea kama binadamu, nitawapa nyota tatu.

Na pampu yenyewe, nilishawaambia watu wote kazini kwamba ni feki. Nafuta kauli. Fundi alikata ile soketi, akaunga nyingine kwa kulehemu waya kwa risasi, akaosha tanki chini, akaweka soksi mpya, akarudisha pampu ile ile. Mita ikasoma 13 na kitu. Alichukua elfu arobaini pamoja na vifaa. Nilitaka kuongeza akakataa, mama akampa vitunguu vyake vya Mbuyuni, akapokea. Wakati wa kurudi Dar nilipita Mlima Kitonga mzima bila tatizo, na tangu hapo nimeshaupanda tena kwenda kumwona mama, gari limejaa watu na mizigo, halikohoi. Pampu ni nzuri. Haikuwa na kosa lolote.

Niliporudi Dar nilikwenda na ile soketi iliyoungua kwenye mfuko wa nailoni. Yule wa simu hakuwepo. Nikaonana na mwenye gereji, mzee mstaarabu, akanikaribisha kiti, akaishika soketi akaitazama muda mrefu, akasema pole binti yangu, kijana alifanya haraka, nitakufanyia huduma inayofuata bure. Nikalainika. Kweli kabisa nililainika, nilikuwa nimeshafika kwenye nyota tatu na nusu.

Ndipo nikaomba pampu yangu ya zamani. Kama tatizo lilikuwa soketi na soksi, basi pampu ile ya Kijapani iliyokuja na gari huenda ilikuwa nzima, na ni mali yangu, nilitaka ipimwe. Mzee akamwita kijana wa stoo. Kijana akasema ilishatupwa. Nikauliza imetupwa wapi. Akamtazama mzee, akaniambia:

“Dada, tulishaongea na shemeji.”

Sina mume. Hakuna mtu aliyewahi kwenda pale kwa niaba yangu, wala kupiga simu. Mzee akainamisha uso, akaanza kupanga karatasi zake mezani.

Nyota moja. Na ningeweza kutoiweka hiyo moja nisingeiweka.