Propela ya boti Lamu: faiba, alumini au stenlesi?

Ukipita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakikupwa, propela itagonga tu. Leo au kesho. Kwa hiyo mimi dukani huuliza jambo moja: ikigonga, kitavunjika nini? Naandika kwa mwenye boti ya abiria, mashine ya nguvu za farasi 15 hadi 40, anayezunguka Mokowe, Shela mpaka Faza.

Ya kwanza kwangu ni faiba yenye mabawa ya kubadilisha. Ni nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. Bawa likikutana na tumbawe hukatika lenyewe, gia ikasalimika. Mwaka jana lilinikatikia karibu na Mtangawanda. Niliinua mashine, nikatoa pini na nati, nikachomeka bawa jipya huku abiria mmoja akinishikia tochi na mwingine akinihimiza tuwahi magharibi. Chumvi haiiwezi. Aibu yake ni kwamba chini ya mzigo mzito mabawa hupinda kidogo, mwendo ukapungua, na mchanga huyala ncha. Basi nunua na mabawa ya akiba siku hiyohiyo. Wanaoiita plastiki ya watoto wajue kwamba watengenezaji propela Nakashima wa Japani waliifungia meli ya kemikali Taiko Maru propela ya nyuzi za kaboni mwaka 2014.

Ya pili ni alumini. Anayebeba saruji aanze na hii. Ikipinda, fundi huinyosha, ikimeguka, huichomelea. Lakini iliyochomelewa mara nyingi hutetemesha mashine nzima. Ukiuziwa kuukuu, pitisha ukucha ukingoni mwa kila bawa uhisi palipomeguka au palipochomelewa.

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, naiweka mwisho, ingawa ndiyo ngumu na yenye kasi kuliko zote. Haipindi kirahisi, hivyo pigo huelekea kwenye shafti na gia. Mpira ulio ndani ya kitovu cha propela husaidia kupunguza pigo, si kila mara. Mwachie mwenye boti ya kasi, tena kwenye kina.

Saizi: 11 x 13 maana yake upana inchi 11, na inchi 13 ni hatua ambayo propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Mashine ikilemewa na mzigo, shuka inchi moja ya hatua. Itapata mizunguko 150 hadi 200 zaidi kwa dakika. Beba propela ya zamani dukani mhesabu pamoja meno ya ndani ya kitovu, yanayoshika shafti. Na kabla ya kufunga mpya, tazama shafti: mshipi wa wavuvi ukijizungusha pale nyuma hukata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji, na maji yakaingia kwenye oili ya gia.