Uzoefu wangu na swichi ya jiko ya ampea 45 kwenye nyumba mpya

Katika nyumba mpya ninazofunga umeme hapa Dar es Salaam, jiko linaloingia jikoni mara nyingi ni lile la plati nne za gesi, mbili za umeme, na oveni ya umeme chini yake. Kwa majiko haya nafunga seti moja: swichi ya ampea 45 inayokata moto (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa pamoja, yenye taa nyekundu na soketi ya ampea 13 pembeni, na bamba la kutolea waya nyuma ya jiko. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitaeleza imepotelea wapi.

Tuanze na hesabu. Plati kubwa ni wati 1,500, ndogo 1,000, oveni kama 2,200. Jumla 4,700, gawa kwa volti 230, unapata ampea 20 na ushee. Plagi ya pini tatu mwisho wake 13. Wapo wanaosema "fyuzi itakata". Haikati upesi hivyo: fyuzi ya ampea 13 inaweza kuvumilia ampea 20 kwa nusu saa na zaidi, na muda wote huo plagi inapata joto kali. Dalili ya kwanza huwa ni harufu kama ya samaki jikoni wakati hakuna aliyepika samaki. Ni plastiki ya plagi au soketi inaungua taratibu. Ukichomoa utakuta pini ya moto imebadilika rangi na plastiki inayoizunguka imekuwa kahawia. Kwa hiyo jiko la namna hii halifungwi plagi, hata kama muuzaji wa dukani amekufungia moja bure.

Kutoka kwenye boksi la breka navuta nyaya tatu za 6 mm² (moto, nyutro, na ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini) ndani ya paipu la milimita 25, kwenye breka yake peke yake ya ampea 32. Hakuna kuchangia na friji wala soketi za jikoni. Mwenye nyumba huniuliza kwa nini si 4 mm². Ndani ya paipu ukutani, 4 mm² inabeba kama ampea 32 ukikadiria joto la nyuzi 30, na jikoni kwetu mchana joto huwa juu ya hapo. Ile ya 6 mm² inabeba kama 41. Kisha kesho akinunua jiko la umeme tupu, hatuvunji plasta.

Waya wenyewe kagua kabla ya kulipa. Waya halisi wa 6 mm² wenye nyuzi saba, kila uzi una kipenyo cha milimita 1.04, pima kwa kaliba. Kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha.

Sasa swichi. Ninachoipendea ni kwamba kila tundu la waya lina skrubu mbili na ni shaba nyeupe tupu. Zile za bei ya kutupa zina skrubu moja na chuma kilichopakwa rangi. Peleka sumaku, ikinasa achana nayo. Boksi la ukutani liwe na kina cha milimita 47. Ukilazimisha la 35, nyaya za 6 mm² zinasukuma swichi nje, unaikaza kwa nguvu, na waya unachomoka nyuma bila wewe kuona. Nyota niliyoiondoa ni ya ile taa. Inakufa mapema, swichi ingali inafanya kazi, na mtu akiona haiwaki anaamini umeme umekatwa. Usiiamini, zima breka, pima kwa mita.

Iweke pembeni mwa jiko, sentimita 30 au zaidi kutoka ukingo wake, ndani ya mita 2. Juu ya plati kamwe, usije ukapitisha mkono kwenye mafuta yanayowaka ili kuzima.

Kutoka bamba la chini hadi jiko natumia waya laini wa mpira, wa 4 mm², kama mita moja na nusu ili jiko livutike wakati wa kusafisha. Waya wa plastiki ya kawaida hulainika ukigusa mgongo wa oveni. Kibanio cha bamba kibane ganda la nje la waya, kisibane nyaya za ndani. Mpira wa gesi upite upande mwingine.

Nyuma ya jiko kuna konekta: 1, 2 na 3 za moto, 4 na 5 za nyutro, na ya ethi. Kwa umeme wa fezi moja, vipande vya shaba viunganishe 1-2-3, na kingine 4-5. Mara nyingi vipo kwenye kifuko ndani ya oveni. Ukivisahau, baadhi ya plati hazipati moto na mteja atadhani jiko bovu. Ukiunganisha 3 na 4, breka itaruka kwa kishindo.

Ethi ndiyo haina mzaha. Nyumba nyingi zinategemea nondo iliyopigwa uani. Ukinzani wake ukiwa omu 20, waya wa moto ukigusa bodi (chuma cha nje) ya jiko utapita mkondo wa ampea 11.5 tu. Breka ya 32 haitashtuka, na bodi itabaki na umeme. Ndiyo maana RCD (swichi inayokata umeme ikihisi unavuja) ya miliampea 30 ni lazima. Mita kuonyesha volti 230 kati ya moto na ethi si ushahidi kwamba ethi ni nzima, na kitufe cha kujaribia RCD kinapima RCD yenyewe tu. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) apime nondo kwa kipimo chake.

RCD ikiruka siku ya kwanza ya kuwasha oveni mpya, usikubali itolewe. Unga ulio ndani ya elementi (bomba la chuma linalopasha oveni) hunyonya unyevu ghalani, hasa huku pwani. Fundi aitoe elementi, apime kwa volti 500 ukinzani kati ya waya wake wa ndani na ganda lake; ukiwa chini ya megaomu 1 aikaushe, apime tena. Ukinzani usipopanda, elementi ibadilishwe kwa garantii.

Baada ya mwezi wa matumizi, zima breka na ukaze tena skrubu zote, kuanzia konekta ya jiko. Nyuzi laini hulala chini ya skrubu na kuacha nafasi.